Kujitolea hospitali ya misheni Kigoma na Tabora: maswali ya wanaotoka nje ya Tanzania

Mzungu anayetaka kuja kujitolea ana semina zake, vitabu vyake na mashirika ya kumshika mkono hadi uwanja wa ndege. Muuguzi wa Eldoret, daktari wa Bukavu, mkunga wa Makamba au Mtanzania mwenzetu aliyehamia Birmingham akitaka kufanya hivyo hivyo, anabaki kuulizia kwa marafiki. Majibu yafuatayo ni kwa ajili yao. Nimekuwa nikisaidia kupokea wageni wa aina hii huku magharibi mwa Tanzania, na maswali yao hayabadiliki sana.

Hospitali zenyewe ziko wapi?

Ukisikia Kigoma usifikirie ziwa tu. Hospitali ya Baptist ipo Kigoma mjini, lakini Kabanga ya Wakatoliki iko Kasulu, na Heri ya Waadventista Wasabato iko Buhigwe, upande wa mpaka wa Manyovu. Mkoa wa Tabora una Ndala ya Wakatoliki wilayani Nzega, Nkinga ya Wapentekoste wa FPCT wilayani Igunga, na Sikonge ya Wamoravian, ambako zamani palikuwa pia na makazi ya kutibia wenye ukoma. Kabanga na Nkinga zina vyuo vya afya, kwa hiyo wodini utakuta wanafunzi wengi na unaweza kuombwa kufundisha.

Karibu zote ziko vijijini. Wamisionari walijenga walikokuwa na misheni, mji ukakua kwingine. Usije na matarajio ya kutembea jioni kwenda kunywa kahawa mahali.

Hospitali nyingi za makanisa zinaunganishwa na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, iliyoundwa 1992 na Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania. Ila tume haitakupangia kazi. Anayekualika ni hospitali yenyewe.

Lazima niwe daktari?

Hapana. Tena mara nyingi daktari si mtu tunayemhitaji zaidi. Mwulize mganga mfawidhi yeyote, yaani daktari mkuu wa hospitali, akwambie kinachomnyima usingizi, atakutajia mashine ya ganzi iliyofunikwa shuka, mtambo wa kufulia uliokufa, au hesabu za madai ya bima zilizorudishwa kwa sababu fomu zilijazwa vibaya. Fundi wa vifaa tiba akija miezi miwili na sanduku lake la zana, hospitali nzima itamkumbuka kwa jina. Muuguzi wa ganzi, mtaalamu wa maabara, mtoa dawa, mtu wa fiziotherapia, mhasibu anayeijua kompyuta vizuri: wote hawa wanapokelewa kwa mikono miwili.

Asiyehitajika ni mtu asiye na fani anayetaka "kusaidia popote". Popote pana watu tayari. Kijiji kimejaa vijana waliomaliza chuo wanaojitolea hapo hapo wakingoja ajira, na kazi ya kusukuma vitanda haikosi wenyewe.

Nije kwa muda gani?

Miezi mitatu ndiyo ninayopendekeza kwa muuguzi au daktari. Wiki ya kwanza unajifunza njia ya kwenda maabara, wiki ya pili unajua fomu ipi inakwenda wapi, na ya tatu ndipo wenzako wanapoanza kukuachia zamu. Ukiondoka wiki ya nne, wao ndio waliokuhudumia wewe.

Kuna wanaoweza kuja kwa siku chache wakafaa: daktari bingwa wa upasuaji ambaye hospitali imemtangazia kambi na wagonjwa wake wanamsubiri, au mkufunzi wa somo moja kama kufufua kichanga anayezaliwa bila kupumua. Hao wanakuja na kazi iliyokwisha kupangwa. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huku jembe unakabidhiwa ukiwa bado na vumbi la safari.

Mimi ni raia wa Afrika Mashariki. Si naingia tu?

Unaingia, ndiyo. Mkenya, Mganda, Mnyarwanda na Mrundi hawahitaji viza. Lakini kuingia kutembea si ruhusa ya kufanya kazi, na kujitolea wodini kunahesabiwa kuwa ni kazi hata kama hulipwi senti. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, hasa ndugu zetu wa Kenya wanaoona mpaka ni jambo la kawaida.

Mambo ni mawili, na yanakwenda katika ofisi tofauti.

La kwanza ni kibali. Ukaazi wa watu wa kujitolea, wamisionari, watafiti na wanafunzi uko chini ya kibali cha ukaazi Daraja C, na kuna kibali cha kazi kinachoshughulikiwa na idara ya kazi. Kwa safari fupi kuna pasi za muda. Usijichagulie mwenyewe ipi inakufaa. Mwachie katibu wa afya wa hospitali, yule anayesimamia utawala, aende akaulize ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, kwa maana mwenyeji wako ndiye mwombaji au mdhamini, na makosa yako yatakwenda kwenye jina la hospitali. Maombi yaanze wewe ukiwa bado kwenu.

La pili ni usajili wa kitaaluma. Daktari wa nje hagusi mgonjwa kabla ya kupata usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Muuguzi na mkunga wanakwenda Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mfamasia ana baraza lake, mtu wa maabara ana lake. Watataka vyeti vya taaluma, leseni hai ya kwenu, barua ya mwenendo mwema kutoka baraza la nchi yako, na barua ya mwaliko. Ndugu wa Burundi na Kongo wenye vyeti vya Kifaransa, vitafsirini kwa mtafsiri anayetambulika na kuvigonga mhuri mapema. Hapo ndipo mafaili yanapolala wiki nyingi.

Anza miezi minne hadi sita kabla. Najua inaudhi. Lakini mgonjwa akifa mkononi mwa mtu asiyesajiliwa, hakuna askofu atakayeweza kumtetea mganga mfawidhi.

Mimi ni Mtanzania ila sasa nina pasi ya Uingereza.

Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima. Kwa suala la kufanya kazi wodini jihesabu mgeni, ufuate njia ile ile iliyoelezwa hapo juu. Kama bado unashika pasi ya Tanzania, unachohitaji ni leseni ya baraza la hapa tu. Wauguzi wengi walioko Ulaya wameiacha leseni yao ya nyumbani ikaisha muda. Ihuishe kabla hujakata tiketi.

Nani analipa nini?

Wewe unalipa nauli, vibali, usajili, bima ya afya yako na chakula. Hospitali mara nyingi ina nyumba ya wageni, na hata hiyo huchangiwa kidogo kwa siku ili ilipie umeme (luku), maji na mama anayepika na kufua. Uliza kiasi hicho kabla na ukiandike. Usidai posho. Ukiwa kwenye zamu ya usiku pengine utapewa chai na mkate kama wenzako, basi.

Jihadhari na mtu anayejiita wakala na kukutaka ulipe "ada ya nafasi". Hospitali hizi haziuzi nafasi. Fedha yoyote ya hospitali hulipwa kwenye akaunti yenye jina la hospitali na kupewa risiti. Haitumwi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata kama mtu huyo ana picha ya mchungaji.

Nitafikaje?

Treni ya reli ya kati kutoka Dar es Salaam inafika Tabora, ambako tawi moja linakwenda Mwanza, na lile la Kigoma linamalizikia ziwani kama lilivyofanya tangu 1914. Ukitoka Kenya, njia rahisi ni basi hadi Mwanza, kisha Nzega kwa anayekwenda Ndala au Nkinga, au kupitia Kahama, Kibondo na Kasulu kwa anayekwenda Kigoma. Kutoka Bujumbura, unaingilia Manyovu. Kutoka Uvira na Kalemie watu huja kwa meli na maboti. Chagua chombo kisichopakia kupita kiasi, maana Tanganyika ikichafuka haina mzaha. Beba cheti cha homa ya manjano. Atokaye Kenya, Uganda, Burundi au Kongo ataulizwa.

Kazi yenyewe ikoje?

Siku inaanza na ibada ya asubuhi. Kisha ripoti ya usiku: nani kalazwa, nani kafariki, nani kajifungua kwa upasuaji. Halafu raundi. Daktari mmoja anaweza kuwa na wodi ya watoto na ya wanaume pamoja, na katikati ya raundi akaitwa thieta. Maofisa tabibu na wauguzi ndio nguzo ya hospitali, na mengi wanayoyafanya hapa, kwenu yanaweza kuwa ni ya daktari peke yake.

Watoto na malaria ndiyo kazi kubwa, hasa mvua zinapokuwa zimekolea, kati ya Novemba na Aprili na wiki zinazofuata. Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2017, Kigoma ndiyo iliyoongoza nchini: watoto 24 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikutwa na vimelea. Katika ule wa 2022 Kigoma ilishuka na Tabora ikashika nafasi hiyo kwa asilimia 23, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Kwa hiyo popote utakapoangukia, utaijua malaria.

Chukua usiku mmoja. Saa nane, pikipiki inaingia getini, mtoto kabanwa katikati ya dereva na mama yake, kafunikwa kitenge. Ana miaka miwili hivi. Degedege imemshika njiani na sasa haitiki. Muuguzi wa zamu anamlaza, anamfungua kitenge, anatazama viganja: vyeupe kama karatasi. Mkono mmoja unamtoboa kidole, tone moja kwenye kipimo cha haraka, la pili kwenye kipimo cha sukari, la tatu la wingi wa damu. Sukari iko chini, anasukuma maji ya glukosi kwenye mshipa aliousaka kwa tochi ya simu. Anampima uzito kwa sababu dozi ya artesunate, sindano ya malaria kali, inafuata kilo: mtoto aliye chini ya kilo 20 anapata miligramu 3 kwa kila kilo, sasa hivi, tena baada ya saa 12, tena saa ya 24, ndipo afuatiwe na dawa mseto ya kumeza atakapoweza. Wakati huo huo kamtuma mlinzi akamwamshe mtu wa maabara, na baba aliyekuja nyuma kwa baiskeli anaambiwa akae, atolewe damu kama kundi linapatana. Haya yote yanakwisha kabla wewe hujamaliza kuvaa glavu.

Wewe utafanya nini hapo? Utahesabu pumzi. Utashika taa. Utaandika saa kwenye faili, maana saa ya dozi ndiyo inayosahaulika. Umeme ukikatika na mashine ya oksijeni ikanyamaza, utabana mfuko wa kupumulishia hadi jenereta iwake. Kesho yake ukiwa na ushauri, mpe faraghani, na uanze na swali. Nimeona mabingwa wa miji mikubwa wakiagiza vipimo ambavyo vya karibu viko hospitali ya Bugando, Mwanza, safari ya siku nzima, huku mkunga wa miaka ishirini kazini akiwa amekwisha kujua tatizo kwa kuweka kiganja tumboni.

Mengine utakayoyaona sana: selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), uzazi uliokwama na kuchelewa nyumbani, mivunjiko ya pikipiki, watoto walioungua na uji au mafuta ya mawese, na upande wa Tabora, watu walioumwa na nyoka mashambani mwa tumbaku.

Mimi ni Mwafrika, malaria itanifanya nini?

Itakulaza. Kinga ya mtu mzima aliyekulia penye malaria ni ya kupata kila mara vimelea vile vile, na huisha ukikaa pasipo mbu. Aliyekulia kwenye baridi ya Limuru au Nyandarua, Kenya, hana kabisa. Aliyekaa Ulaya miaka kumi alikwisha ipoteza. Meza dawa za kukinga kama Mzungu, lala ndani ya chandarua, na ukipata homa nenda kapimwe siku hiyo hiyo, usijitibu kwa panadol. Wafanyakazi wa afya ndio wagonjwa wakaidi kuliko wote.

Na nikijichoma sindano?

Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, mwambie kiongozi wa zamu papo hapo. Dawa za kinga ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, na mwisho ni saa 72. Zinamezwa siku 28. Uliza siku yako ya kwanza kazini zinahifadhiwa wapi usiku. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu zinazochukua miezi sita, basi ianze huko huko kwenu.

Kiswahili changu ni cha Nairobi (au cha Kongo). Nitaeleweka?

Utaeleweka, ila utaonekana mkali. Huku huwezi kuingia wodini na kumwambia mama, "Vua nguo, lala hapa." Unaanza na shikamoo kama amekuzidi umri, habari za tangu jana, pole, halafu ndipo "naomba nikuangalie tumbo, mama." Ni nusu dakika tu. Usipoitoa hiyo nusu dakika, atajibu kila swali lako kwa "ndiyo" na utaondoka na historia ya uongo. Mfanyakazi mwenzako naye: daktari ataitwa "Dokta", muuguzi ataitwa "Sista" hata kama si mtawa, na mhudumu wa usafi aliyekuzidi umri ni "Mama" au "Baba" wala si jina lake kavu.

Ndugu wa Kongo, Kiswahili chenu kinapendwa Kigoma, na wengi watawauliza mnamjua nani Kalemie.

Lakini kumbuka kuna bibi wa kijijini Buhigwe anayejua Kiha tu, na mzee wa Igunga anayejua Kinyamwezi au Kisukuma tu. Asubuhi ukimwambia bibi "mwakeye" au mzee "mwangaluka", uso utafunguka. Kwa mambo ya dawa na ridhaa ya upasuaji, tafuta muuguzi anayekijua kilugha. Usimtumie mtoto wa mgonjwa kutafsiri habari za siri za mama yake.

Lazima niwe Mkristo? Mimi ni Mwislamu.

Kwa kazi ya muda ya kitaaluma, hospitali nyingi hazikatai. Uliza waziwazi kwenye barua ya kwanza, nao watakujibu waziwazi. Wagonjwa wenyewe ni mchanganyiko: Ujiji na Tabora mjini ni miji ya Waislamu wengi tangu enzi za misafara, na watu wa kule wanatibiwa misheni bila shida. Ibada ya asubuhi huwa ni ya wafanyakazi wote. Ukikaa kimya kwa heshima inatosha.

Kwa Mkristo, swali ni tofauti: je, naruhusiwa kuhubiri kitandani? Jibu langu ni hapana, isipokuwa mgonjwa mwenyewe akiomba sala. Mtu aliyelala na dripu hana mlango wa kutokea. Kuna mchungaji au padri wa hospitali. Mwachie kazi yake.

Kila kanisa lina miiko yake. Kwa Wasabato, Jumamosi hakuna kliniki za kawaida, dharura tu, na pombe, sigara na nguruwe haviingii kwenye uwanja wa hospitali. Kwa Wakatoliki, njia za kisasa za uzazi wa mpango hazitolewi, hata kama mgonjwa ataziomba. Kama jambo hilo dhamiri yako inalikataa, chagua hospitali nyingine. Usije kubishana nao wodini.

Nikiona mgonjwa ameshindwa kulipa, nimlipie?

Swali hili huulizwa na watu wema, na jibu lake hawalipendi.

Hospitali ya misheni inaishi kwa fedha za wagonjwa, bima, ruzuku kidogo ya serikali na misaada. Watumishi baadhi wanalipwa na serikali, wengine na hospitali, na mwezi wa wagonjwa wachache wale wa hospitali wanaweza kucheleweshewa mshahara. Sera ya taifa inasamehe wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, lakini hospitali ya kanisa inaweza kuitekeleza pale tu halmashauri ilipoingia nayo mkataba wa kuifidia. Fidia ikichelewa, deni linabaki kwa hospitali. Kwa hiyo utamwona mama amepewa ruhusa ya kwenda nyumbani na bado yuko kwenye benchi, anasubiri mumewe auze mbuzi.

Ukitoa noti mfukoni ukamlipia, siku mbili baadaye benchi lile litakuwa na watu sita wanaokungoja wewe, na wawili kati yao wana mbuzi. Mhasibu atakuwa ameaibishwa, na ndugu waliokuwa wakichangishana watakuwa wameacha. Halafu utaondoka.

Njia ni hii: hospitali nyingi zina mfuko wa maskini na ofisa ustawi wa jamii anayejua nani hana na nani anajificha. Weka mchango wako huko, kwa risiti, bila jina la mgonjwa. Kama kuna mtu umeguswa naye, mpeleke kwa ofisa huyo umweleze ulichokiona. Mara nyingi atakuwa anamjua hadi kaya yake.

Nibebe dawa na vifaa?

Usibebe dawa bila kuandikiana na hospitali. Dawa na vifaa tiba vinavyoingia nchini vinasimamiwa na mamlaka ya TMDA, zinahitaji kibali, na zilizobakiza miezi michache kuisha muda ni mzigo: kuziteketeza kunagharimu fedha, na makaratasi yake ni mengi kuliko ya kuziingiza. Mashine iwe ya volti 230, iwe na vipuri vinavyopatikana Dar es Salaam, na iwe na mtu atakayefundisha kuitumia. Stoo za hospitali hizi zimejaa mashine nzuri zilizoletwa kwa upendo na hazijawahi kuwaka.

Kinachofaa mkobani: stethoskopu yako, kipima oksijeni cha kidoleni, taa ya kichwani na betri zake, viatu vya thieta vya saizi yako, daftari.

Kupiga picha?

Mgonjwa, hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu na hospitali, na ridhaa ya mama mwenye mtoto mahututi mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe si ridhaa. Piga mlima, piga maembe ya Tabora, piga ziwa.

Mwanafunzi wa udaktari au uuguzi aje?

Aje, akiwa mwaka wa mwisho au unaoukaribia, na barua ya chuo inayoeleza atasimamiwa na nani. Usimamizi huo ni kazi ya mtu mwingine, kwa hiyo hospitali ina haki ya kukataa kama daktari ni mmoja. Asidhani kwamba kijijini ataruhusiwa kufanya kile asichoruhusiwa kwao. Kuna wanaokuja wakiwa wamejiandaa kuhesabu uzazi walioushughulikia. Wakunga wetu wanawatambua siku ya kwanza, na wanawapa kazi ya kufunga pamba.

Nataka kwenda pia kambi ya wakimbizi.

Nyarugusu iko Kasulu na Nduta iko Kibondo, lakini kambi zina utaratibu wake kabisa. Huingii bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na mwaliko wa hospitali ya misheni haukupi kibali hicho. Usiende kuchungulia na pikipiki.

Chakula na maisha?

Kigoma ni ugali wa muhogo, dagaa, migebuka, na kuhe wa kukaanga siku ukiwa na bahati, maharage yaliyoungwa kwa mawese. Tabora ni ugali wa mahindi, karanga kwenye kila mboga, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), uyoga wakati wa mvua, na asali ambayo ukishaionja ya dukani kwenu utaiona maji ya sukari. Asiyekula samaki atapata tabu Kigoma, namwonea huruma.

Kuogelea ziwani: mwambao karibu na vijiji una kichocho, na sehemu nyingine zina mamba. Wenyeji watakuonyesha pa kuogea. Ukirudi kwenu, pima.

Mwanamke na apakie vitenge viwili na sketi ndefu. Mwanamume asivae kaptula wodini. Upande wa Sikonge na Urambo nguo za bluu na nyeusi zinawavutia mbung'o ukiwa njiani porini.

Nianzeje?

Andika barua moja kwa mganga mfawidhi, nakala kwa katibu wa afya. Eleza fani yako, namba ya leseni, miaka ya kazi, tarehe unazoweza, lugha unazozijua, na nani atakulipia. Kisha uliza: mna pengo gani kwa miezi hiyo? Wakikwambia hawana pengo la fani yako, waamini, andikia hospitali nyingine. Usitume barua ile ile kwa hospitali sita kwa pamoja na anwani zote zikionekana. Waganga wafawidhi hawa wanafahamiana, na wana kundi lao la simu.

Barua pepe inaweza kulala. Wiki tatu zikipita kimya, piga simu siku ya kazi asubuhi, baada ya ibada na kabla raundi haijaanza. Ukipiga mchana, mganga mfawidhi atakuwa thieta, na katibu atakuwa halmashauri akifuatilia malipo.